Katibu Aliyenyoosha Maneno

Mwandiko wa Katibu ulikuwa mzuri kiasi kwamba hata waliomzidi shule walimwomba awaandikie barua. Yeye mwenyewe aliishia darasa la saba, na hilo la saba alilimaliza kwa kumsaidia mwalimu kuandika ubaoni. Hesabu zilimpita mbali kama mvua ya mtaa wa pili. Lakini mpe brashi na bati, ondoka, rudi saa ya chai. Utakuta KINYOZI imesimama pale kwa herufi zilizonyooka kama askari wa gwaride, na hata wewe mwenye kipara utatamani kunyolewa.

Kazi yake ilikuwa kuandika mabango ya maduka. Mfukoni mwa shati alipanga kalamu tatu, ya buluu, nyeusi na nyekundu. Ya nne hakuihitaji, alisema, maana ya nne ilikuwa ulimi wake.

Mteja angekuja na kikaratasi kilichokunjwa mara nane, nusu hakisomeki. Katibu angekisoma na kutikisa kichwa. "Ndugu yangu, hapa umeandika matusi. Niachie niyanyooshe." Na kweli aliyanyoosha. Muuza vyombo aliyetaka USISHIKESHIKE NA MIKONO YAKO MICHAFU aliandikiwa ULIZA TUKUCHAGULIE KILICHO BORA, na watu wakamiminika dukani kwake. Kwa hiyo Katibu aliamini, tena kwa ushahidi wa macho yake, kwamba neno baya ni neno zuri ambalo halijapata fundi.

Imani hiyo ndiyo iliyokuja kumla.

Msikiti na kanisa la mtaa wao viliingia ubia na shirika moja, ili vijana wa dini mbili wakae pamoja, waulizane wasiyoyajua, waache kuogopana. Akatafutwa mtu wa kuandika kumbukumbu za vikao. Baba yake Katibu alikuwa wa huku na mama yake wa kule. Yeye akafuata ya baba, dada yake ya mama, na nyumbani kwao hakuna sahani iliyowahi kuvunjika kwa ajili hiyo. Akachaguliwa bila kupingwa, akakabidhiwa daftari kubwa lenye jalada gumu. Alipita nalo mtaa mzima akiwa amelikumbatia kama baba aliyetoka na mtoto wodini.

Mwaka wa kwanza mambo yalikwenda. Viti arobaini vya plastiki vilipangwa ukumbini, na kijana wa huku alikaa katikati ya wawili wa kule. Kisha bango la mkutano wa upande mmoja likachanwa, aliyelichana hakujulikana, na Jumamosi iliyofuata viti viliruka. Viongozi wa pande mbili wakakubaliana vijana wakutane kwa zamu, kundi moja asubuhi na jingine alasiri, kwa muda tu, hasira zipoe. Huo muda tu ulikuwa na miaka miwili sasa. Mtaani walishaitwa Wa Asubuhi na Wa Alasiri. Wepi walikuwa wa msikiti na wepi wa kanisa, hapa hapatasemwa. Msomaji akishajua ataanza kuhesabu makosa ya upande mmoja na kuyasahau ya wa pili.

Lakini karatasi za ubia zilitaka majadiliano. "Katibu, wewe ni mtu mzima," viongozi walimwambia. "Chukua ya asubuhi uwapelekee wa alasiri, ya alasiri uwarudishie wa asubuhi. Andika kikao kimoja." Basi akawa anabeba maneno mdomoni kutoka saa nne hadi saa tisa, na jibu analirudisha wiki ya pili.

Swali la kwanza alilibeba kama lilivyo. Jibu lake nusura limng'oe meno. Baada ya hapo akaanza kunyoosha. Wa Asubuhi waliposema, "Waulize watatupigia kelele na vipaza sauti vyao mpaka lini," Wa Alasiri walisikia, "Wenzenu wangependa kuzijua saa zenu za ibada." Wa Alasiri waliposema, "Waambie wao ndio walioanza," Wa Asubuhi walisikia, "Wenzenu wanakumbuka tulipoanzia." Kwenye daftari, kwa kalamu ya buluu, iliandikwa: Mjumbe aliuliza kwa upole. Mjumbe alijibu kwa furaha. Katibu alikuwa akisoma kurasa zake akitabasamu peke yake, kama msichana aliyepokea barua.

Kati ya Wa Asubuhi alikuwapo mpwa wake, binti wa pekee wa dada yake, ambaye wote walimwita Msusi. Vidole vyake vilikuwa vyepesi. Alisuka nywele huku anapiga soga na hakupoteza mstari. Katibu alimwandikia bango la saluni kwa mkono wake, herufi nyekundu zenye kivuli cheusi: KARIBUNI NYOTE. Lile lilikuwa bango lake bora, na yeyote aliyepita naye njia ile alilazimishwa kusimama alitazame.

Ukafika msiba. Nahodha wa timu ya mpira, kijana wa Wa Alasiri, aliumwa homa siku nne akafariki. Mwaka ule wa kwanza wa vikao, Msusi alikuwa akikaa kiti kilichofuata chake.

"Mjomba," alisema Jumamosi hiyo, "niulizie. Nikienda kwao kuwapa pole, watanipokea?"

Katibu akalibeba. Saa tisa Wa Alasiri walikuwa wamekusanyika msibani, na aliyemjibu alikuwa mdogo wa marehemu, golikipa wa timu ileile, mtaa mzima ukimwita Kipa. Macho yalikuwa mekundu.

"Mwambie asithubutu kukanyaga kwetu. Wakati kaka anaumwa walikuwa wapi? Akija ataondoka na la kusimulia."

Katibu aliandika: Wajumbe walishukuru kwa moyo huo na kusema anakaribishwa wakati wowote. Ule mstari aliusoma mara tatu kwa uzuri wake. Akajisemea kwamba Kipa akimwona binti mwenyewe mlangoni, na kanga yake ya msiba, atalainika. Akaenda kwa dada yake jioni ileile.

"Wamesemaje, Mjomba?"

"Wamekukaribisha."

Msusi akaenda. Alilishika geti la chuma kwa mkono wa kulia, akaita hodi, na kutoka ndani likasukumwa kwa nguvu za watu wawili. Likabana vidole vitatu. Hospitali walifanya walichoweza. Vilipona vimekunjika, havifungi wala havifunguki, na kusuka kukaishia hapo. Kwenye daftari iliandikwa: Mjumbe mmoja aliumia mkono kwa bahati mbaya.

Na Katibu akafanya lililo baya kuliko lile la kwanza. Dada yake alipolia akiuliza ni watu gani hao, alijibu, "Ndio walivyo, dada. Ndimi mbili. Wamemkaribisha mbele yangu kwa masikio yangu haya." Dada yake akaamini, binti akaamini, na Wa Asubuhi wote wakapata chuki mpya, nzuri, iliyonyooka, isiyo na kosa hata la nukta.

Miezi minane ikapita, akaja mtathmini. Shirika lilitaka kujua kama ubia ule una faida. Alikuwa mama wa makamo, viatu vya chini, miwani imefungwa kamba shingoni. Alisoma daftari siku mbili.

"Katibu," alisema, "nimezunguka sana. Vijana wanaozungumza hivi sijawaona. Hapa kwenye msiba nimelia."

Kichwa cha Katibu kilivimba, kwa sekunde moja hivi.

"Jumamosi nataka kukaa nao. Wote kwa pamoja, kama mlivyozoea. Tusome kurasa chache, waniambie zimewabadilisha vipi."

Kilichovimba kikanywea. "Ukumbi unapakwa rangi, mama."

"Lini?"

"Unaanza kesho."

Na kweli siku ya pili alikwenda mwenyewe na ndoo, akapaka kuta za ukumbi rangi ya maziwa, jasho likimtiririka, bila kuagizwa na mtu. Mtathmini alichungulia, akasifu kazi, akasema watakaa barazani.

Jumamosi Wa Asubuhi walikuja kumi na sita na Wa Alasiri kumi na watatu. Walikaa pande mbili, katikati pakabaki nafasi ya kupitisha gari. Wazazi wachache walikaa nyuma, dada yake Katibu miongoni mwao. Tangu siku ya geti hakumwacha binti yake atembee peke yake. Alimpungia. "Kaka, njoo ukae huku kwenye kivuli." Katibu akajifanya anapanga kalamu.

Mtathmini alivaa miwani, akasoma ukurasa wa msiba. Alipofika kwenye anakaribishwa wakati wowote, Kipa alisimama.

"Samahani mama. Nani alisema hivyo?"

"Ninyi, imeandikwa."

"Nani? Sisi?" Akawageukia wenzake. "Jamani, kuna mtu hapa alimkaribisha?"

Wakacheka kwa ubaya. Msusi akasimama, mkono wa kulia ukiwa ndani ya kanga.

"Acheni unafiki wenu! Mjomba aliwasikia kwa masikio yake!"

"Mimi nilisema asithubutu," Kipa alijibu. "Kaka yangu yuko ndani hajazikwa, mimi nikasema asikanyage. Nikasema akija ataondoka na la kusimulia. Ndivyo nilivyotuma. Halafu tunakuona getini. Tukajua umesikia na umekuja kutukejeli. Tukaona dharau."

"Mimi niliambiwa nimekaribishwa."

"Na nani?"

Vichwa ishirini na tisa vilimgeukia Katibu taratibu, na vya wazazi nyuma yao, na cha mtathmini, miwani ikimteleza puani.

Bado palikuwa na mlango wa kutokea, na Katibu aliuona. Angesema tu, "Waongo hawa," na daftari lingemshuhudia kwa wino wa buluu, tarehe na sahihi. Msusi angemwamini. Alikuwa akimtazama hivyo hasa, kama anayemwomba aseme. Na dada yake alishaanza kutikisa kichwa kuwakatalia Wa Alasiri kabla kaka yake hajafungua mdomo.

Kanga ya Msusi ikateleza. Vile vidole vikaonekana, vimejikunja kama vinashika kitu ambacho hakipo.

"Nilinyoosha," Katibu alisema.

"Ulifanya nini?" mtathmini aliuliza.

"Maneno. Nilinyoosha. Alivyosema huyu kijana ndivyo alivyosema. Mimi nikaandika vizuri. Yote nimeandika vizuri, mama, miaka miwili. Muda wote huo hawajakaa pamoja."

Dada yake aliinuka. Hakupiga kelele wala hakulia. Alifika mpaka mbele yake, akazichomoa zile kalamu tatu mfukoni moja moja, akaziweka juu ya meza ya mtathmini kama mtu anayemwondolea mtoto visu. Akarudi kukaa.

Wa Asubuhi na Wa Alasiri wakaanza kusema wote kwa mpigo. Na la vipaza sauti, aliwafikishia vipi? Na lile la bango, mlisema kweli? Mlijibu nini? Sisi tulisikia hivi. Aa, hatukusema hivyo, tulisema vibaya zaidi! Mambo mabaya yakamwagwa pale barazani, mabichi, kama yalivyotoka vinywani miaka miwili nyuma. Mtathmini aliandika mpaka mkono ukamuuma. Katikati ya makelele yale Kipa akasema, pasipo kumtazama Msusi, "Mimi ndiye niliyesukuma geti." Msusi akasema, "Najua, nilikuona." Hapakuwa na pole wala msamaha. Lakini hakuna aliyeinuka kuondoka.

Katibu alivuta daftari ili aandike, mazoea tu. Msusi akauweka mkono wake wa kushoto juu yake. "Ataandika mwingine." Akapewa msichana mmoja wa Wa Alasiri mwenye mwandiko kama kuku aliyekanyaga tope.

Kwenye fomu ya mtathmini palikuwa na mstari uliouliza idadi ya vikao vya pamoja kwa miaka miwili. Akajaza: kimoja.

Wiki iliyofuata Katibu alikwenda kwa dada yake. Alimkuta uani akichota maji kwenye pipa. Pipa lilifunikwa kwa bati, na bati lile alilijua kwa tundu zake nne za misumari. Herufi zilikuwa chini, zimeelekea majini. Ukingoni kilionekana kivuli cheusi tu.

"Shikamoo, dada," alisema, ingawa yeye ndiye mkubwa.

Dada yake alijaza ndoo, akarudisha bati mahali pake, akalibonyeza pembeni mpaka likatulia.

"Karibu, Katibu," alisema, na kwa maisha yake yote hakuwahi kumwita hivyo. Akachukua ndoo akaingia ndani.