Mtamba wa Mkono Wangu

Mkono wangu wa kushoto haushiki kitu. Vidole vimekunjika kama vya mtoto mchanga na ngozi imekaukia mfupa. Wajukuu zangu wameuzoea, hawaulizi. Ila mmoja wao, anayefanya kazi mjini kwenye ofisi ya bima, alikuja juzi akanieleza kazi yake: watu wanachanga kidogo kidogo, mmoja akipatwa na jambo analipwa kutoka kwenye mchango wa wote. Alieleza kama kitu kilichoanza jana. Nikamwambia akae chini. Sisi tulikuwa nacho hapa mlimani kabla babu yake hajatahiriwa, na ninajua kilivyoharibiwa, kwa sababu kiliharibiwa juu ya mkono huu.

Ulikuwa wakati wa Wadachi. Boma lao la mawe lilikuwa limeshasimama Arusha na askari tumewazoea. Mimi nilikuwa msichana wa kuchunga ndama, sijaota matiti, nyumba yetu iko upande wa Kijenge katikati ya migomba. Siku moja navuka mfereji juu ya gogo, mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, gogo likageuka. Nilisikia mfupa ukilia kabla sijasikia maumivu.

Jirani yetu alikuwa mganga wa mifupa, mzee mpole anayesema kidogo. Aliuvuta mkono, akaufunga vipande vya mti kwa kamba za mgomba, akasema, "Asiguse mtu. Nitakuja kufungua mwenyewe." Kwetu ilikuwa hivyo: fundo la mganga hufunguliwa na mganga aliyelifunga. Mwingine akilifungua, anakaribisha ugonjwa nyumbani kwake. Basi mganga akaitwa kwenda Kikwe, mtu amekanyagwa na fahali. Mvua ikashuka, mito ikajaa, akakwama huko.

Kumbe alikuwa amekaza mno. Vidole vilivimba, vikapoa, vikaanza kuwa vyeusi. Nililia mpaka sauti ikakauka. Yeyo, mama yangu, alichukua kisu, baba akamshika mkono. "Unataka ugonjwa uingie nyumba nzima?" Yeyo akakiweka kisu chini. Mganga aliporudi alikata zile kamba, kisha akatoka nje akakaa kwenye tope, ameshika kichwa.

Hakukana kosa. Alimwambia baba, "Nimekaza mno na nimechelewa. Nendeni kwenye kundi. Mtoto apate mtamba wake."

Kundi lenyewe lilikuwa hivi. Waganga wote wa upande wetu, wa mifupa, wa kuzalisha, wa kutoa meno, kila mmoja alitoa mbuzi jike mmoja kila mwaka, na mbuzi hao walikaa kwa mzee mmoja tajiri wa huko chini tambarare. Wakiongezeka walibadilishwa kwa ng'ombe. Mganga akimharibu mtu, wazee walikaa, wakapima madhara, na malipo yakatoka kwenye lile kundi. Mganga hakufilisika kwa kosa la siku moja, na aliyeumizwa hakurudi nyumbani mikono mitupu. Msichana aliyeharibiwa mkono alipewa mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa, akawa wake mwenyewe, na uzao wa mtamba huyo ulimfuata mpaka kwa mume. Anayeingia kwa mume na maziwa yake, nani atamhesabia vidole?

Sasa yule mzee tajiri, mtunza kundi, alikuwa mtu wa kwenda bomani. Alipeleka maziwa, alipeleka maneno pia. Aliwaambia wakubwa kwamba waganga wanahama, wanakwenda upande mwingine wa mlima, wanaogopa kulipishwa. Uongo. Hata mmoja hakuhama. Ikatoka amri, jumbe wetu akaitangaza: kosa la mganga, liwe kubwa liwe dogo, malipo yake ni kondoo mmoja. Kama Mdachi alisema hivyo kweli au mkalimani alijisemea, mimi sijui. Waganga waliambiwa wafurahi, maana malipo yakipungua na mbuzi wa mchango watapungua.

Kesi yangu ikawa ya kwanza kupita kwenye amri hiyo. Tulikwenda uani kwa jumbe, wanaume wamekaa, wanawake wamesimama nyuma ya ua. Niliambiwa nivue shuka begani, wauone mkono.

Mtunza kundi alicheka. "Wa kushoto, wazee! Kwani ndio anaolia chakula?"

Sauti ya Yeyo ikatoka nyuma ya ua. "Mzee, ufunge wako wa kushoto mgongoni, kesho asubuhi tuje tukutazame ukikama."

Watu waliangua kicheko. Jumbe akagonga fimbo chini, akamgeukia baba. "Nyamazisha mkeo."

Mganga akasimama. "Jumbe, mkosaji ni mimi, na sikuomba kupunguziwa. Nimetoa mbuzi tangu nianze kazi hii. Nilitoa kwa ajili ya siku kama ya leo."

"Si ushukuru, mzee?" mtunza kundi akamwambia. "Zamani kosa hili lingekula mtamba. Leo kondoo tu."

"Mtamba hakuwa wako, alikuwa wetu. Na kama sasa unatoa kondoo, mbona kwangu unachukua mbuzi kama zamani? Si ulisema mchango utapungua?"

"Utapungua. Subiri."

"Nasubiri tangu amri itoke."

"Malisho mabaya, mzee. Huoni?"

Kila mtu alikuwa anaona. Ng'ombe wa lile kundi walikuwa wanang'aa.

Jumbe akasema shauri limekwisha, kondoo aletwe. Alichinjwa palepale. Na kwetu kesi haifi mpaka aliyeumizwa aonje mafuta ya mkia. Akishaonja, hata mjukuu wake hawezi kuifufua. Nisipoonja, ipo, na mtamba wangu bado anadaiwa. Mtoto mdogo alilijua hilo, na mimi nililijua.

Baba akachuchumaa mbele yangu na mafuta juu ya jani. "Kula, mwanangu, twende nyumbani."

Nikafumba mdomo. Baba hakuwa mtu mbaya, alikuwa mwoga tu, na askari wa jumbe alikuwa amesimama pale na kiboko chake. Akasema tena, kula. Nikatikisa kichwa. Ndipo aliponibana mashavu kwa vidole, kama anavyonyweshwa ndama dawa, akayasukuma mafuta ndani. Niliyatema yote kwenye shuka lake.

"Ameonja," jumbe akasema.

Mzee mmoja akanung'unika, "Ametema huyu, jamani."

"Kwanza ameonja, ndipo akatema."

Wakacheka, wakagawana nyama. Kondoo wa mkono wangu aliliwa na walionihukumu. Sisi tulipewa ngozi, Yeyo akaiacha palepale.

Mwaka uliofuata mganga hakutoa mbuzi. Mtunza kundi akatangaza kwamba mzee yule hana kundi nyuma yake, anayemwendea akiumizwa ni shauri yake. Mganga akaacha uganga, akalima maharage. Nimewaona watu waliovunjika miguu baada ya hapo, wamekaa nyumbani mpaka mguu ukaunga wenyewe, umepinda. Waganga wengine waliendelea kutoa mbuzi kwa woga. Kundi likajaa tambarare, na taratibu watu wakaacha kuliita la waganga, wakaliita kwa jina la mtunza kundi.

Nilipofika umri wa kuolewa, wenzangu waliulizwa watu wao ni nani. Mimi niliulizwa mkono. Mwisho nikapelekwa kwa mwanamume wa rika la baba, mke wa tatu, sina hata ndama wa kuswaga mbele yangu. Mke mkubwa aliuinua mkono wangu, akaugeuza, akauachia udondoke. "Huyu hawezi kukama, hawezi kutwanga," akamwambia mume wetu. "Akafukuze ndege kwenye ulezi. Kupiga kelele hakuhitaji mikono."

Jioni maziwa yaligawiwa na wale waliokama. Walijaza vibuyu vyao na vya watoto wao, na changu kilijazwa mwisho. Mara nyingi lilikuwa povu tu. Mwanangu wa kwanza amekua kwa povu hilo.