Redio Iliyonata na Kibuyu cha Koko

Siku ile naikumbuka hata nikisinzia, mwanangu. Karatu kulikuwa na vumbi, vumbi gani! Kuku walitembea wameshikana mikia wasipoteane. Mimi kijana, shule sikuijua hata mlango wake, lakini redio ningeifufua hata ikizikwa.

Akaingia kwenye kibanda changu cha ufundi Koko Namunyak, bibi wa Kimaasai kutoka huko juu Ngorongoro, na redio ya upepo ya boma lao. Simu kule zilikuwa hazishiki, hiyo redio ndiyo ya kuita gari la wagonjwa. Na mke wa mwanawe alikuwa mjamzito, mwezi wake umefika.

Nikachomelea waya uliokatika. Redio ikakoroma, ikasema. Nikamwonyesha bodi, kile kibao cha ndani chenye nyaya, kwa maringo. Ile dawa ya kuchomelea ilikuwa imebaki pale, inang'aa kama asali.

Koko akagusa. Kidole kikanata.

"Layoni!" akaniita, yaani mvulana asiyetahiriwa, na mimi nina ndevu za kufugia njiwa! "Hii nini?"

"Mabaki ya dawa tu, Koko. Si umesikia inasema?"

"Hata kibuyu kichafu kinabeba maziwa. Kesho ndiyo utayanusa. Vumbi litalala hapa, halafu ukungu wa kwetu utalilowesha. Osha!"

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikamwaga spiriti, nikapitisha mswaki juu juu. Ilipokauka, bodi ikawa nyeupe kama imepakwa majivu. Koko akacheka hadi hereni zikalia kama njuga.

"Umeuhamisha uchafu. Hujautoa!"

Akachomoa kijiti chake kipya cha kusugulia vibuyu, chenye nywele za mkia wa ng'ombe nchani. Nikasugua, nikafuta na kitambaa kabla spiriti haijakauka, nikarudia tena na tena. Basi lao likapiga honi, likaondoka. Koko hata hakugeuka.

"Basi la kesho lipo," akasema. "Sugua."

Wiki haijaisha, ukungu ukashuka, mzito hadi fisi wakawa wanagongana na kuombana radhi. Uchungu ukamshika yule mama. Wakaita kwenye redio, ikaitikiwa papo hapo. Gari likafika, mtoto akazaliwa hospitali, mama mzima.

Mtoto huyo leo anaendesha watalii. Kila akipita hapa ananiletea maziwa ya mgando kwenye kibuyu, matamu hadi masikio yanacheza. Koko ametangulia, lakini sijawahi kufungua chupa ya spiriti bila kumwambia ahsante.

Basi, mwanangu, kazi haijaisha kwa sababu tu redio imesema. Asiyeziba ufa hujenga ukuta. Toa uchafu, usiuhamishe, iwe ni kwenye bodi, iwe ni kwenye ugomvi na mwenzako. Na mzee akikuita layoni, cheka, halafu sugua.

Mungu akupe mikono isiyonata. Na siku utakayoita ukiwa ndani ya ukungu, mwanangu, uitikiwe.