Mwenye Chombo wa Langkawi

Mume wangu si mtu wa kucheka na simu. Akipigiwa na ndugu zake wa Sur huitikia "ewaa, ewaa, inshallah," akakata, akarudi kwenye kahawa yake. Kwa hiyo siku ile niliporudi kutoka soko la Jumatano, soko letu la wanawake hapa Ibra, nikamsikia sebuleni anacheka mpaka anakohoa, nilisimama pale pale mlangoni na mifuko yangu. Kisha nikasikia sauti ya upande wa pili. Ilikuwa ya mwanamke.

"Nani huyo?" nikamuuliza alipokata.

"Mwenye chombo," akasema, uso bado umechangamka. "Wa Langkawi, kule Malesia."

"Mwenye chombo ni mwanamke?"

"Mjane. Mumewe amefariki, sasa anauza."

Alisema vile kama mtu anayetaja bei ya samaki. Kichwani mwangu lilibaki neno moja tu: mjane.

Hicho chombo nilikuwa nakijua kwa picha. Mume wangu alifanya kazi kwenye mtambo wa umeme Sur karibu maisha yetu yote ya ndoa, na tangu astaafu alikuwa anashinda na tableti yake akitazama vyombo vinavyouzwa nchi za mbali. Si vya kuvulia. Alitaka katamarani ya matanga, ile yenye matumbo mawili yaliyounganishwa kwa sitaha pana, ndani ina vyumba, jiko na bafu, watu wanaishi humo miaka na miaka wakizunguka dunia. Mpya hatukuiweza. Zilizotumika, akasema, zipo nyingi Malesia, kwa sababu Wazungu wengi wakifika huko huwa wameshazeeka, au wameugua, au wamekosana, basi huziuza hapo hapo. Yeye ni mtoto wa Sur. Mie nimezaliwa Tabora, nikaletwa Omani mdogo, nikalelewa Ibra kwenye mitende na vumbi. Bahari kwangu ni kitu cha kutazama kwenye kioo cha gari, tukitoka Sur tukapita Tiwi kwenda Maskati.

Nilidhani ni mchezo wa mstaafu, kama wengine wanavyofuga ndege. Lakini sasa ikawa kila siku baada ya Adhuhuri simu inalia, na yeye anatoka nayo uani. Kwenye chakula ndiyo napata habari.

"Anasema betri zote kabadilisha mwaka jana."

"Mm."

"Anasema tanga kubwa lina kiraka, lakini kiraka kizuri."

"Mm."

"Leo goti linamsumbua, masikini. Kwao kuna mvua."

Hapo nikaweka kijiko chini. "Na goti nalo linauzwa pamoja na chombo?"

Akanitazama, kisha akacheka. "Una wivu!"

"Wivu wa nini? Wa bibi kizee?"

"Nani kakwambia kizee?"

Sikula tena. Alikuwa anatania, najua, lakini wivu haujui utani. Nikaanza kumtazama kama mgeni. Nikaona kanunua mafuta mapya ya ndevu. Nikaona anafanya mazoezi ya Kiingereza, anarudia peke yake bafuni majina ya Kizungu ya rada, nanga, usukani. Mimi nimesomesha Kiingereza shule ya wasichana mpaka nikastaafu, na hajawahi hata siku moja kuniomba nimsaidie.

Nikaendesha gari mpaka Samail kwa binti yetu, nikamweleza yote. Akanisikiliza huku anamlisha mwanawe.

"Mama, hiyo ni biashara tu."

"Baba yako hajawahi kuniuliza goti langu."

Akampangusa mtoto mdomo. Anajua. Watoto wetu wote wanajua nyumba yetu ilivyokuwa: baba yao anakuja Jumatano jioni, Ijumaa jioni anarudi Sur kwenye zamu yake, na mimi nabaki na madaftari ya wanafunzi na homa za watoto. Hatukugombana. Hatukupata muda wa kugombana.

"Basi nenda naye," akasema. "Kakione hicho chombo. Na mwenyewe umwone kwa macho yako."

Niliporudi nikamwambia mume wangu nataka kwenda Langkawi kununua batiki. Akafurahi kweli kweli, na ile furaha ikanichanganya.

Nilijitayarisha kama naenda harusini. Nikatia hina nywele, nikavaa abaya mpya yenye nakshi za dhahabu mikononi. Kumbe tunakokwenda ni kiwanja cha kutengenezea vyombo, vumbi la kusaga plastiki, harufu ya rangi, jua la kuunguza kichwa. Vyombo vimepandishwa nchi kavu, vimesimamishwa juu ya magogo kama wagonjwa. Chetu kilikuwa cha mwisho kwenye safu, kikubwa kuliko nilivyofikiri, cheupe kilichochujuka, matumbo yake mawili juu ya vichwa vyetu.

Akateremka mwanamke kwenye ngazi. Mfupi, nywele nyeupe zimekatwa kama za mwanamume, ngozi imeiva jua, kaptura ya kiume, rangi ya bluu kwenye viwiko. Umri wangu, au amenizidi kidogo. Nilitaka awe mzuri. Angekuwa mzuri ningejua la kufanya.

"Umefika!" akamwambia mume wangu, kama waliocheza pamoja utotoni.

Siku ile nzima nilikaa kivulini juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa. Mkaguzi tuliyemkodi alizunguka chombo akikigonga kwa nyundo ndogo, anasikiliza kama daktari, anaweka alama kwa chaki palipoitikia vibaya. Mume wangu na yule mama waliingia pamoja kwenye tundu la injini, vichwa vimekaribiana, miguu minne inaonekana nje. Yeye akianza maneno, yule mama anayamalizia. Akinyoosha mkono, spana imeshafika. Wallahi niliitazama ile miguu nikaona ndiyo ndoa niliyonyimwa.

Baadaye yule mama akaja kunichukua mimi. Akanipandisha ngazi, akanikalisha jikoni mwa chombo, akachemsha chai.

"Wewe ndiye mwenye mchuzi wa papa," akasema.

Sikufahamu.

"Kila siku namuuliza, leo umekula nini? Ananieleza vyote. Mchuzi wa papa wa ndimu. Mikate ya kumimina. Wali wa nazi, na ule ukoko wa chini unaomwekea yeye. Tangu mume wangu afe mie nakula vya mkebe tu, basi nasikiliza vyako."

Nilishika kikombe kwa mikono miwili. Mume wangu hula, hunawa, husema alhamdulillahi, huondoka. Miaka yote nasubiri neno, kumbe neno lipo, analipeleka Malesia kwa mtu mwingine. Sikujua nicheke au nimwagie mtu chai.

Akanionyesha vyumba. Kitanda walicholala, na dirisha juu yake la kutazama nyota. Vikombe viwili kwenye misumari, kimoja hakina mkono. Sakafu mbele ya jiko imelika pale aliposimama yeye, na karibu nayo pamelika pengine, mahali pa miguu ya mumewe, alipokuwa akisimama kumsumbua akipika.

"Hamkuwahi kukaa mbalimbali?" nikamuuliza.

"Tukae wapi? Nyumba ni hii."

"Hukumchoka?"

"Kila siku! Nikimchoka nakwenda kukaa mbele. Yeye akinichoka anakwenda nyuma. Halafu chakula kikiiva mmoja anamwita mwenzake."

Hapo ndipo wivu wangu uligeuka. Nilikuja na wivu wa mume wangu, nikajikuta namwonea wivu yeye, yule mama wa rangi viwikoni, kwa siku zake. Siku zote zile za kuchokana. Nilimwonea wivu mpaka wa ujane wake, Mungu anisamehe, kwa sababu alijua sawasawa alichokipoteza.

Baada ya ukaguzi chombo kilishushwa majini ili tukijaribu. Sitaha ilikuwa laini kidogo karibu na mlingoti, na kamba za chuma zinazoushika zilitakiwa zibadilishwe, lakini mkaguzi alisema mwili wake mzima. Upepo ulikuwa mzuri. Tanga likapandishwa, injini zikazimwa, na mara kukawa kimya, maji tu yanapita katikati ya yale matumbo. Sikutapika. Mume wangu alishika usukani, ameweka miguu mbalimbali, kidevu juu. Sijawahi kumwona hivyo, hata siku ya harusi yetu.

Yule mama alikuwa anamtazama vile vile. Kisha nikaona machozi. Hakuyafuta. Tuliporudi gatini akasema kwa sauti ndogo, "Nisameheni. Siuzi."

Mume wangu akashuka wa kwanza. Hotelini alikaa mbele ya sahani ya wali akiukoroga bila kuula. Nami niseme ukweli: mwanzo nilifurahi. Nilisema moyoni, khalas, tunarudi Ibra, simu imekwisha, goti limekwisha. Nikamkatia embe.

"Kula, bwana."

"Nimeshiba."

"Kuna vyombo vingine."

"Vipo," akasema. Halafu, bila kuniangalia: "Nilidhani tutakaa humo wewe na mimi. Nilihesabu siku nilizokuwa Sur peke yangu, nikasema nitamlipa kwa njia hii. Sikujua nikwambieje. Wewe bahari huipendi."

Nikabaki na kisu mkononi. Kwa nini hakuniambia? Kwa nini aliyajua yote haya, akayasema yote kwa mtu mwingine, na mimi nikaachiwa kukisia tu kwa mafuta ya ndevu? Nilikasirika kuliko nilivyokasirika wakati wowote wa safari ile. Lakini asubuhi nilivaa viatu vya chini nikaenda mwenyewe gatini. Nilimwacha amelala.

Yule mama alikuwa anasugua sitaha. Akaniona, akakaa.

"Kakutuma?"

"Hajui kama nimekuja."

"Nilimwona ameshika usukani," akasema, "nikaona ni yule yule. Mwanamume na chombo chake, wamekamilika, hawahitaji mtu. Mume wangu alikuwa hivyo miaka ya mwanzo. Mie ndiye niliyejilazimisha kupanda. Ningebaki nyumbani, angenisahau. Sitaki kumuuzia mtu kitu cha kumsahaulisha mkewe. Utapanda wewe?"

"Sijui," nikasema. "Naiogopa bahari. Kuogelea sijui."

"Basi kwa nini umekuja kuniomba?"

"Sitaki aende peke yake."

"Hatakuwa peke yake. Atapata mabaharia."

Nilitaka kusema la adabu. Nikasema la kweli. "Sitaki aende bila mimi. Akicheka, nataka niwepo. Nimechoka kusikia kicheko chake kutoka chumba kingine."

Akanipa brashi yake. Tukasugua sitaha pamoja, mie na abaya yangu imefungwa kiunoni. Saa ya chakula cha mchana alimpigia simu mume wangu, akamwambia aje atie saini.

Sikusafiri nacho kuja huku. Waliokileta ni mume wangu, binamu yake wa Sur, na nahodha wa kukodi, wakapitia Sri Lanka na Kochi, kipindi cha kaskazi. Siku zile nilikuwa Ibra nikitazama alama ndogo kwenye simu ikitambaa juu ya buluu. Nilimwonea wivu yule binamu. Nilimwonea wivu nahodha. Kila jioni mume wangu alituma ujumbe mfupi, na mara moja aliandika: "Nahodha kapika papa. Si papa." Nikausoma kwenye baraza mbele ya jirani zangu, nikaona haya kama mwari.

Walipofika Sur ilibidi watie nanga nje ya daraja la mlango wa ghuba, mlingoti hauwezi kupita chini. Ndugu zake wakajaa ufukweni, wanapiga picha. Shemeji zangu wakinisalimia, "Shikamoo, mmekuwa matajiri," nami naitikia marahaba huku natafuta uso wake tu. Alikuwa mweusi kwa jua, amekonda, ndevu zimemjaa. Alinishika mkono mbele za watu kunipandisha, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

Nisiseme kwamba tumekuwa kama yule mama na mumewe. Tumekwenda Tiwi, tukalala mbele ya wadi, lile bonde linaloshukia baharini, na safari ya pili nilitapika njia nzima nikamtukania chombo chake, naye akanitukania mapishi yangu kwa mara ya kwanza, kwamba natia chumvi nikikasirika. Tuligombana vizuri. Nikaenda kukaa mbele, yeye akaenda nyuma. Wiki nyingine namwambia aende na binamu yake, nabaki Ibra, kisha najuta kabla gari lake halijafika barabara kuu.

Na wivu haujaniisha. Tukilala chomboni, asubuhi kabla sijaamka yeye yuko sitahani, na ndoo na sabuni, anamsugua yule mwanamke wake wa plastiki, anazungumza naye kwa sauti ya chini. Juzi nilikaa kitandani nikimsikiliza kupitia lile dirisha la juu. Alikuwa anaeleza jinsi tanga linavyotakiwa kukunjwa. Nikagonga kioo.

"Ukimaliza kumkosha huyo," nikamwambia, "njoo unikunie mgongo."

Nikasikia ndoo inawekwa chini.