Kura ya Alta Whitcomb

Alta Whitcomb alishindwa ubunge kwa kura moja, na kura yenyewe alijua nani kaipiga. Ninyi mnaosema kura moja haina maana, njooni Harrow Mills mkae na mama huyu wiki moja tu, mtatubu.

Ubunge wenyewe si ule wa magari meusi na walinzi. Mbunge wa bunge la jimbo letu la Vermont, hapa Marekani, hana ofisi wala katibu. Ana kiti kimoja ukumbini kule Montpelier, makao makuu ya jimbo, ndoano ya kutundikia koti, na simu ya ukutani jikoni kwake. Kuanzia Januari hadi Mei, Alta aliondoka kila Jumanne alfajiri na buti zake za theluji, akarudi Ijumaa jioni. Miezi iliyobaki alikuwa mpishi wa shule ya msingi mpaka alipostaafu, na wapiga kura wake nusu nzima walikua wakila supu yake.

Aligombea mara ya kwanza mwaka 1992, akaachwa kwa kura 140 na mzee Wendell Sprague, ambaye hakuinuka hata kitini kuomba kura. Watu wakasema mpishi abaki na sufuria zake. Lakini Alta ana kichwa kigumu, na alivyo ndivyo alivyozaliwa. Mwaka 1994 aligonga kila mlango wa wilaya, hata ile yenye mbwa wakali, akamwangusha mzee kwa kura 31. Akashinda tena mara tatu mfululizo. Halafu akapitisha sheria ya kuzuia malori ya magogo yasipite barabara za udongo wakati theluji inayeyuka na kila kitu ni matope, na wakata magogo wakamtoa mwaka 2002. Hawakumsalimia mwaka mzima. Barabara zilipopona wakamrudisha wenyewe, na yule aliyekuwa amenuna kuliko wote ndiye aliyempigilia mabango. Ndio watu wetu hao, wananuna halafu wanakuletea pai.

Kila Jumamosi asubuhi alisimama jalalani, kwa maana kwetu kila mtu hupeleka takataka zake mwenyewe, na mbunge asiyeonekana jalalani haonekani tena popote. Hapo ndipo alipoambiwa habari za mashimo ya barabara, za jirani mwenye ng'ombe watoro, za mama aliyenyimwa dawa. Alisikiliza, akaandika mgongoni mwa bahasha, na Jumanne akaenda nazo.

Sasa kuna jambo moja hakulisema jalalani. Baba yake, marehemu Asa Doyen, alikuwa diwani wa mji miaka thelathini, na kila uchaguzi alimpa kura yake mpinzani. "Mtu hajipigii kura mwenyewe," alikuwa akisema. "Ni sawa na mwenye nyumba kujipakulia nyama kabla ya wageni." Wazee wengi wa kwetu walikuwa hivyo. Alta aliirithi adabu hiyo, na katika chaguzi zake zote hakujipigia hata mara moja. Asipokuwa na mpinzani, aliiacha nafasi ile tupu. Aliyejua ni mumewe Royce peke yake.

Mwaka 2018, Alta akiwa na miaka sabini na sita, akatokea Lyle Kittredge, fundi wa misumeno ya mashine, kijana wa miaka thelathini na nne. Alikula chakula cha Alta shuleni miaka sita, na hakuwahi kubakiza. Hakumtukana wala kumchafua. Alisema tu kwamba Bibi Whitcomb amefanya kazi kubwa na sasa anastahili kupumzika. Hilo lilimuuma Alta kuliko tusi, kwa sababu hakutaka kupumzika. Daraja la Mto Tannery lilikuwa limefungwa mwaka wa pili, basi la shule linazunguka maili kumi na nne, watoto wanaamshwa gizani na kusinzia darasani. Muswada wa kulijenga upya ulikuwa umebakiza hatua moja. Alitaka kuufikisha kwa mkono wake, kisha ndiyo apumzike apendavyo.

Asubuhi ya uchaguzi Royce alimwambia wakinywa kahawa, "Bibie, safari hii jipigie. Huyu kijana si wa mchezo."

"Nikijipigia leo, nitamtazamaje baba?"

"Baba yako yuko kaburini, hana mtoto wa kuvuka daraja."

"Royce, kunywa kahawa yako."

Akaenda, akashika kalamu, akaweka alama kwa Lyle Kittredge. Mkono haukusita. Jioni karani wa mji, Thelma Bascom, alisoma matokeo kwa sauti: Kittredge 611, Whitcomb 610. Upande wa Alta ukaomba kura zihesabiwe upya mahakamani. Zikahesabiwa mchana kutwa na watu makini wenye miwani puani, zikatoka vilevile.

Hapo ndipo mateso yalipoanza. Hesabu ilikuwa rahisi mno, mtoto wa darasa la kwanza angeiweza. Angejipigia, Lyle angekuwa na 610 na yeye 611. Basi. Daraja lingejengwa. Alta akaacha kupokea simu. Jumamosi tatu hakwenda jalalani, Royce akapeleka takataka peke yake na kusema mkewe ana mafua. Basi la shule lilipopita mbele ya nyumba kungali giza, aligeuza uso asilione.

"Nimewauza watoto wa watu ili nionekane mwenye adabu," alimwambia mumewe. "Na hata sikuonekana, maana hakuna ajuaye."

"Najua mimi," alisema Royce.

"Wewe ulinionya. Ndiyo mbaya zaidi."

Miaka hamsini na moja ya ndoa ilikuwa imemfundisha Royce kwamba kuna wakati mume anayenyamaza ndiye msaada mkubwa. Alimsogezea kiti karibu na jiko, akamfunika miguu.

Jumamosi ya nne, saa sita mchana, Lyle akaja. Ulikuwa msimu wa kuwinda, na alibeba paja la kulungu limefungwa kwenye gazeti. Alivua buti mlangoni bila kuambiwa, akasimama na soksi zake zilizotoboka, mbunge mteule mzima.

"Bibi Whitcomb, hukuja jalalani."

"Nilikuwa na mafua."

"Wiki tatu?"

"Ni mafua ya kizee. Kaa."

Hakukaa. Aligeuza kofia mikononi mpaka Alta akaanza kukasirika.

"Nimekuja kusema kitu, na ukitaka nikiache hicho kiti nitakiacha," alisema. "Siku ile nilishika kalamu, nikaona jina lako na langu yamekaa jirani. Mkono ukakataa. Sikuweza, Bibi Whitcomb. Baba alipotuhama ulinipakulia mara mbili kila siku, na hukusema neno. Nilikupigia wewe."

Pale jikoni, Royce aliweka kikombe chake chini polepole.

Alta alikaa akihesabu, midomo ikimchezacheza. Yeye alimpa Lyle kura yake, Lyle naye akampa yeye. Kura mbili zilibadilishana nyumba tu. Kila mmoja angejipigia mwenyewe, ingekuwa 611 kwa 610 vilevile, na mshindi yuleyule.

"Na mimi nilikupigia wewe," alisema mwishowe.

Lyle akakaa sasa, tena bila kutazama kiti kiko wapi.

Mtu angedhani mama huyu atashukuru. Mzigo wa wiki tatu umeshuka, hakuwauza watoto wa mtu. Na kweli alishusha pumzi. Lakini lilimpata jingine ambalo hakulitarajia. Muda wote ule alijilaumu, na lawama ile ilikuwa imemfichia jambo. Alidhani kiti amekigawa mwenyewe kwa ukarimu wake. Kumbe hakugawa kitu. Watu wake, wale aliowalisha, aliowaandikia kwenye bahasha miaka yote, walitazama majina mawili wakamchagua mwingine. Machozi yakamtoka, na hakuyaficha.

"Basi wamenikataa kweli," alisema.

"Kwa kura moja tu, mama," alisema Lyle. Hakuwahi kumwita mama.

"Moja inatosha, mwanangu. Mimi mwenyewe niliwahi kushinda kwa tisa nikajiita chaguo la watu."

Royce akampa kitambaa. Alijifuta, akapenga, akakikunja. Halafu akainuka akaleta faili la daraja, nene kama mkate, akaliweka mbele ya kijana, akasukuma paja la kulungu pembeni.

"Kalamu unayo? Andika. Kuna mwenyekiti wa kamati ya barabara, ukimwendea asubuhi atakukatalia, mwendee baada ya chakula. Usimwambie habari za maili. Mwambie habari za watoto, ana wajukuu sita. Watoto wetu ni arobaini na watatu, nitakupa majina."

Lyle aliandika, kichwa chini, kama alivyokuwa akila zamani. Walikwenda ukurasa kwa ukurasa mpaka kahawa ikaisha, Royce akapika nyingine.

"Na jambo la mwisho," alisema Alta, akilifunga faili. "Miaka miwili ijayo utakaporudi kuomba kura, hizi adabu zetu tuwaachie marehemu. Jipigie mwenyewe."

"Ndiyo, mama."

"Kura yako ya pili itakuwa yangu."