Kidonge Juu ya Kahawa

Mimi ni mzee wa kijijini Nyakasimbi. Shule niliiacha darasa la pili kwa sababu ya ng'ombe wa baba, lakini hayo si ya leo. Ya leo ni presha. Kaka yangu alipigwa kiharusi akiwa shambani kwenye migomba, akafa bila kusema neno. Kwa hiyo nilipopewa vidonge vya kumeza kila siku, nilivipokea kwa hofu.

Sasa kwetu mgeni haondoki hivihivi, anapewa punje za kahawa kavu za kutafuna. Akija mtu analalamika kichwa kinamgonga, namwekea kahawa kiganjani na kidonge changu kimoja juu yake. Vikiisha kabla ya mwezi, nakaa tu nikingoja kliniki. Nilijiona mkarimu kweli.

Kliniki ya juzi daktari alinipima, akarudia kunipima, uso ukambadilika.

"Mzee, presha hii inaweza kukuangusha leo. Dawa unameza?"

"Kila siku, mwanangu," nikasema kwa sauti, benchi zima la wagonjwa lisikie.

Jirani yangu Petro akadakia kwa nia njema kabisa. "Waitu, tafadhali daktari, usimgombeze. Dawa zake ni nzuri. Mimi akinipa kimoja tu, kichwa kinatulia."

Daktari akaweka kipimo mezani. Kisha akawageukia wagonjwa taratibu.

"Nani mwingine amewahi kupewa dawa na mzee huyu?"

Mikono ikaanza kunyooka benchini. Katekista wetu naye akanyoosha. Nikamgeukia mke wangu aliyenisindikiza, anitetee, nikakuta na mkono wake uko juu.