Arusha Hatuna Jirani

Nafanya kazi mapokezi kwenye loji moja hapa Karatu. Wiki iliyopita mgeni mmoja aliyetoka kreta ya Ngorongoro, vumbi bado limemkaa kwenye nyusi, alinijia na swali ambalo sijazoea kuulizwa. Alikuwa na siku moja tu Arusha kabla ya ndege yake. Hakutaka gari wala dereva, alitaka kujua kama mji ule unaweza kuonekana kwa miguu, kutwa moja. Nikamjibu upesi mno: unaonekana, tena wote. Akacheka, akaniuliza nimejuaje. Nikamwambia mama yangu alinitembeza nilipokuwa darasa la pili. Sikumwambia kwamba siku hiyo tulikuwa tumetoroka nyumbani.

Wewe nitakuambia, maana hukimbilii ndege.

Kwetu ni Mbulumbulu, kule juu ambako mashamba yanagusana na msitu wa Ngorongoro. Asubuhi zetu zilikuwa za ukungu, moshi wa kuni mbichi na maziwa ya mgando yaliyonuka kibuyu. Kazi yangu ilikuwa kuokota kuni, kufukuza nyani kwenye mahindi, na kumbeba mdogo wangu wa kiume mama akiwa shambani. Mdogo wangu huyo akafariki kabla hajaota jino. Homa ya siku mbili tu, basi.

Sisi Wairaqw tulikuwa na mila inayoitwa metimani. Nyumba iliyopatwa na kifo cha namna ile ilikaa peke yake kwa miezi, mpaka wazee waseme imetosha. Huendi kisimani na wenzako, hukanyagi shamba la mtu, humpi mtu mkono, hunywi chombo kimoja na jirani. Iliaminika uzito wa kifo unahama kwa kugusana, na aliyehofiwa kudhurika kuliko wote alikuwa mwanamke mwenye mimba. Ukivunja mwiko, siku zinaanza upya. Na baada ya hapo, balaa lolote litakaloangukia mtaa, ng'ombe akitupa mimba, mtoto akizaliwa mfu, aliyeleta ni wewe.

Nyumba nyingi wakati ule zilikuwa zimeshaanza kuilegeza mila hiyo. Yetu haikulegeza chochote. Mwalimu wangu alikuja mara moja, akasimama nje ya ua wa minyaa, akasema kwa ukali kwamba mtoto lazima aende shule. Baba akamjibu kwa adabu kwamba mtoto ataenda wakati wake. Mwalimu akaangalia viatu vyake, akaondoka. Hata ukali una mpaka wake mbele ya minyaa.

Ndani ya ua ule mama alianza kuisha. Kwanza aliacha kuimba, halafu akaacha kula, mwisho akaacha kusema. Niliamka nikimkuta amekaa pale pale nilipomwacha, kanga ya kubebea mtoto ameikunja mapajani. Baba alikuwa mtu wa ng'ombe. Aliwajua wakiumwa, mama hakumjua. Mimi nilikuwa naogopa. Nilikuwa namsogelea mama usiku kusikiliza kama anapumua.

Aliyeona ni bibi, mzaa mama. Naye hakuruhusiwa kuingia, kwa hiyo alikuja kila baada ya siku kadhaa, akasimama ng'ambo ya minyaa na kuongea kwa sauti ya mtu anayeita mbuzi. Siku moja alimaliza salamu zote, mama asijibu hata moja. Bibi akamwita baba.

"Wewe, mkwe! Mtoto wangu ananifia humo ndani, unaona au huoni?"

Baba akasema anaona, ila mila ni mila.

"Mila imewekwa kulinda majirani," bibi akasema. "Mpeleke mahali pasipo na jirani, ashangae shangae macho yafunguke. Arusha hatuna jirani!"

Baba hakukubali wala hakukataa. Alisema kesho atakuwa na ng'ombe mbali sana na hatajua lililotokea nyumbani. Kwa baba hayo yalikuwa maneno mengi.

Bibi alikuwa na urafiki wa miaka na tajiri mmoja wa vitunguu pale Karatu mjini, Mwislamu, mtu wa kofia na utani mwingi. Lori lake lilibeba vitunguu kutoka Mang'ola kwenda Arusha. Alfajiri lilisimama barabarani chini ya shamba letu, na yeye mwenyewe akashuka kutufungulia turubai ili tupande juu ya magunia, tusikae na mtu. Mama alipofungua mdomo kumweleza habari ya mwiko, akamkatiza. "Mila zenu mimi sizijui, dada yangu. Mwenye msiba namjua. Pandeni." Akatuambia tumkute soko la Kilombero jua likianza kuteremka, tukikosa lori, itabidi tupande basi la Karatu, na basi la Karatu limejaa watu wa Karatu.

Lami ilikuwa mpya. Tulishuka ukuta wa Bonde la Ufa, Ziwa Manyara likituangalia kutoka chini, na mimi nikatapika pembeni ya gunia. Mama akanifuta mdomo kwa kanga ile ile. Ilikuwa mara ya kwanza kuikunjua.

Arusha tuliiona kwa miguu kwa sababu mama hakutaka kupanda gari ambalo paja lake lingegusa paja la mtu. Tulikuwa na maji yetu, kikombe chetu, viazi vyetu vya kuchemsha kwenye kifurushi. Alinishika mkono kwa nguvu mpaka vidole vikafa ganzi. Kila aliposikia Kiiraqw kikisemwa alijifunika uso kwa shuka na kunigeuza njia nyingine, hivyo tuliona mitaa ambayo hatukuipanga. Tuliona mnara wa saa kwa mbali, maana wapiga picha walikuwa wengi na kila mmoja alitaka kumshika mtu bega ampange. Tukaona boma la Wajerumani kwa nje. Tukasimama darajani juu ya mto Themi kutazama wanaume wakifua mazulia. Harufu ya mishikaki na mahindi ya kuchoma ilinitesa, na mama akanimenyea kiazi baridi.

Kitu kimoja alikitaka yeye mwenyewe. Alinong'ona, na sauti yake ilikuwa inakwaruza kwa kukaa bure: "Twende tukaone treni." Alikuwa ameisoma darasa la tatu, na picha yake ikamkaa kichwani.

Tukauliza njia, tukafika stesheni. Treni haikuwepo, ilikuwa imeacha kuja zamani. Nyasi zilikuwa zimefunika reli, na mbuzi watatu walikuwa wanakula hapo bila wasiwasi. Mama aliketi kwenye chuma kile. Nikadhani anapumzika. Kumbe kilio kilikuwa kinakuja, kikamtoka, kikubwa, kibaya, cha mdomo wazi, ambacho nyumbani hakikutoka hata siku ya kuzika. Watu wawili wakapita, wakatutazama, wakaendelea na safari zao. Hakuna aliyemjua. Alilia mpaka akachoka, kisha akaomba kiazi, akala viwili.

Jua lilikuwa limeshaanza kuteremka. Tukaenda karibu tukikimbia hadi Kilombero, tukipenya kati ya mikokoteni na wapagazi wanaopiga kelele, mama akijikunja asiguse mtu. Lori tukaliona. Tajiri alikuwa amesimama kwenye tairi akitupungia. Na hapo hapo mtu akamwita mama kwa jina langu, kama wanawake wa kwetu wanavyoitwa kwa jina la mtoto wao wa kwanza.

Alikuwa jirani yetu, wa ng'ambo ya minyaa kabisa. Alikuwa amekuja hospitali na mume wake, mimba yake imefika mahali pa kutembea kwa kuegemea nyuma. Uso wake ulikuwa umejaa furaha ya kumwona mtu wa nyumbani ugenini. Alikuja moja kwa moja, mkono ameunyoosha.

Mama alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga gunia. Mikono akaificha mgongoni.

Mkono wa jirani ukabaki hewani. Nikaona macho yake yakihesabu miezi ya msiba wetu. Nilitaka kupiga kelele, sijui kelele gani. Polepole mkono ule ukashuka, ukakaa juu ya tumbo. Akavuta pumzi.

"Samahani, mama," akasema kwa Kiswahili, siyo lugha yetu. "Nimekufananisha. Nina jirani yangu mnafanana sana. Yeye yuko kwake, ana msiba. Mungu ampe nguvu."

Akageuka, akaenda. Hakutazama nyuma.

Nyumbani mama alikula, na asubuhi akafagia. Kilichoanza siku ile kilikuwa kungoja. Kila jioni alisimama karibu na minyaa akisikiliza nyumba ya jirani, nami nikisimama naye. Mwanamke yule angesema neno moja tu kwa wazee, tungeanza upya. Na kama mtoto wake angekufa, mwanamke huyo hata asingehitaji kusema. Mama angejihukumu mwenyewe, na safari hii Arusha isingemtosha. Yule jirani naye, nadhani, alikuwa anangoja upande wake, na hofu yake ilikuwa kubwa kuliko yetu.

Vigelegele vilipigwa asubuhi moja ya mvua, tukiwa tunachambua maharage. Mama alidondosha ungo. Wazee walipotufungua, jirani alikuwa wa kwanza kuvuka mpaka. Akamweka mtoto mikononi mwa mama, akaanza kulalamika bei ya sukari. Mpaka anazikwa, mwaka juzi, hakutaja Kilombero.

Leo metimani huwezi kuiona. Minyaa imeng'olewa, tumejenga kuta za matofali na geti la chuma, na ng'ambo ya ukuta kuna loji. Siitamani irudi, nilimwona mama akiisha ndani yake. Lakini mwaka jana mimba yangu iliharibika, na siku chache baadaye nilikuwa mapokezi, nimepaka rangi mdomoni, nagawa juisi ya ukwaju na taulo za moto. Wageni walinipa mikono, na wenzangu wakanipigapiga mgongo, wakisema nimejikaza. Wote walinigusa. Nilisimama pale nikitabasamu, nikitamani atokee mtu mmoja tu wa kuniona, ajue, na aurudishe mkono wake.