Vile Vitabu Saba

Katika mabishano ya Biblia, mi Mprotestanti sijashindwa na mtu mtaa wetu wa Musonoi nzima. Hata pale stesheni ya Kolwezi, jirani yangu Tata Kabeya akingoja treni ya kumpeleka Kasai, yeye aliyezaliwa hapa hapa na sasa anafukuzwa na jamaa yake kwa kuwa wazazi wake walitoka huko, nilimwambia tena kuwa Wakatoliki wenzake waliongeza vitabu saba visivyo vya Mungu.

Akaniomba nisome Neno la kuwaaga. Nikachukua Biblia iliyokuwa juu ya mizigo yao, nikaifungua palipokunjwa. Jina la kitabu sikuangalia. Mtu kama mi, la nini? Nikasoma habari ya kijana anayesindikizwa safarini na malaika. Sauti yangu ikatikisa stesheni, akina mama wakalia.

"Munasikia? Hii ndiyo Neno ya kweli!"

Tata Kabeya akapangusa macho. "Aksanti, tata, umesoma muzuri sana. Ile kitabu ni moja ya bile bitabu saba."